Tumweleze msanifu majengo tunavyoishi, tusimpe idadi ya vyumba na picha za simu tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kurasa zetu za ujenzi hulipita haraka. Kila mara tunasoma bei ya saruji, bei ya nondo na aina mpya za bati, na habari hizo zina faida yake. Lakini ni nadra kusoma juu ya mazungumzo baina ya mwenye nyumba na msanifu majengo, ilhali sehemu kubwa ya malalamiko niliyoyasikia katika miaka yangu ya kazi ya ukadiriaji majenzi, yaani kupiga hesabu za gharama za ujenzi, kabla sijastaafu, ilikuwa imekwisha kuzaliwa kabla fundi hajachimba mtaro wa msingi. Ukuta uliokaa mahali pasipofaa mara nyingi umejengwa sawasawa na ramani, na ramani nayo imechorwa sawasawa na maneno ya mteja. Kasoro imo katika yale ambayo mteja hakuyasema na msanifu hakuyauliza.

Mazungumzo yenyewe kwa kawaida huwa mafupi mno. Mteja humwendea msanifu akiwa na picha tatu au nne kwenye simu, akasema anataka vyumba vinne, kimoja masta, sebule kubwa, sehemu ya kulia chakula, jiko, stoo na choo cha wageni, kisha akauliza ramani itakuwa tayari lini na atalipa kiasi gani. Wazee wetu waliojenga nyumba za Kiswahili Kariakoo, Ilala na Magomeni waliweza kuzungumza kwa ufupi namna hiyo bila kupata hasara, kwa sababu mwenye nyumba na fundi waliijua nyumba ile ile: baraza mbele, ukumbi wa kati wenye vyumba kushoto na kulia, na uwani kwenye jiko, choo na mahali pa kufulia. Aliyesema "vyumba sita" alikuwa amesema yote. Leo hatuna tena nyumba moja tunayoijua sote. Mteja akisema "sebule kubwa" anaona ile ya shemeji yake, na msanifu anaona ile aliyoichora mwezi uliopita kwa mtu mwingine, na wote wawili wanaondoka wakiamini kuwa wameelewana.

Picha haina dhambi yoyote, na msanifu mzuri hufurahi kuiona kwa kuwa inamwonyesha mteja anapenda nini. Inachoonyesha, hata hivyo, ni uso wa nyumba, nasi tuna msemo wetu kwamba nyumba njema si mlango. Picha haisemi nyumba ile iko nchi gani, imetazama upande gani, ina watu wangapi ndani yake, maji yake yanatoka wapi, wala ilimgharimu mwenyewe kiasi gani.

Tuangalie jiko, kwa kuwa hapo ndipo picha inapotuponza zaidi. Katika picha jiko limeungana na sebule, katikati kuna kaunta ya marumaru na viti virefu, na jiko la gesi linang'aa kama halijawahi kuguswa. Mteja anaipenda, msanifu anaichora. Familia inahamia, na muda si mrefu maisha yanarudi palepale yalipokuwa: gesi ni ya chai na mayai, maharage yanachemshwa kwa mkaa, samaki wanakaangwa hadi harufu inakaa kwenye mapazia, nazi inakunwa na mtu aliyekaa chini juu ya mbuzi, na sufuria la pilau ya Iddi halienei juu ya jiko la gesi wala ndani ya sinki. Matokeo yake ni kibanda cha bati kilichoegemezwa ukuta wa nyuma, moshi wake ukiingia moja kwa moja katika dirisha la chumba cha watoto. Nimeviona vibanda hivyo nyuma ya nyumba za gharama kubwa sana. Jiko dogo la nje lenye paa, sinki la chini na mfereji wa kutolea maji lingeongeza fedha kidogo tu kama lingekuwa ndani ya ramani tangu mwanzo, na lingewekwa upande ambao upepo unatoa moshi nje badala ya kuuingiza ndani. Ili hilo lifanyike, mtu anapaswa kusema waziwazi kinachopikwa, kwa nishati gani, nani anapika, na kama anapika akiwa amesimama au amekaa.

Na huyo anayepika, Mhariri, ndiye asiyeitwa kikaoni. Baba anakutana na msanifu hotelini au ofisini, wanakubaliana, na mama anaonyeshwa ramani ikiwa imekwisha gongwa muhuri. Nakumbuka kikao kimoja kilichofanyika kiwanjani, ramani imetandazwa juu ya boneti ya gari, ambapo mke wa mwenye nyumba, aliyekuwa amekuja kwa bahati tu, aliuliza nguo zitaanikwa wapi. Hapakuwa na jibu. Akauliza simtanki litakaa wapi na, maji yakikatika, atateka ndoo kwa kupitia mlango upi. Hapakuwa na jibu vilevile. Msanifu yule alikuwa na busara. Aliikunja ramani, akamwomba mama aeleze siku yake kuanzia anapoamka hadi anapozima taa, naye akaandika. Mlango wa nyuma ulihama, stoo ikasogea karibu na jiko, na upande wa magharibi, uliokuwa umekaliwa na chumba cha kulala, ukapewa ua wa kuanikia. Hakuna chumba kilichoongezwa, na gharama haikubadilika kwa kiasi cha kuzungumzia.

Yapo mambo mengine ya maisha yetu ambayo msanifu hawezi kuyakisia, hasa kama hatoki katika mila moja na mteja. Kwa mtu aliye Dar es Salaam, kibla ni karibu kaskazini kabisa, na familia nyingi za Kiislamu hazipendi bakuli la choo lielekee huko wala kuipa kibla mgongo. Kulisema hilo siku ya kwanza hakuna gharama, lakini kulisema baada ya bomba la choo kufukiwa chini ya jamvi la zege ni kubomoa sakafu. Mwenye mzazi mzee atakayekuja kukaa naye aseme, ili chumba kimoja chenye choo kiwe chini hata kama nyumba ni ya ghorofa, na mlango wa choo hicho uwe na nafasi ya wazi isiyopungua sentimita 80, kwa sababu milango myembamba tunayoweka vyooni haipitishi kiti cha magurudumu. Vivyo hivyo kwa misiba na shughuli: turubai litafungwa wapi, wanawake watakapokaa chini kwenye mikeka makochi yatatolewa kwa mlango upi, na wapishi watakaa upande gani. Anayepangisha chumba kimoja au viwili ili apate ada ya shule aseme pia, bila haya, kwa kuwa mlango wa mpangaji ukipangwa mapema hauingilii faragha ya familia.

Kiwanja nacho kinahitaji kuzungumziwa, na hapa mwenyeji anajua mengi kuliko mtaalamu. Msanifu anayekwenda kukiona kiwanja mwezi wa Januari anakuta mchanga mkavu. Jirani aliyeishi hapo kwa miaka ndiye anayejua kwamba katika masika, kati ya Machi na Mei, maji ya barabara ya juu hupita palepale panapopangwa kuwekwa varanda. Habari hiyo ndiyo inayoamua sakafu inyanyuliwe kiasi gani juu ya ardhi, na mara nyingi haifiki ofisini kwa msanifu. Pia kuna gari la kunyonya majitaka, ambalo hakuna mteja anayependa kulitaja anapoota nyumba yake. Mashimo ya majitaka huchorwa nyuma, nyumba ikajaza upana wa kiwanja, pembeni ikabaki njia ya mita moja, na siku shimo linapojaa bomba la kunyonyea hupitishwa sebuleni. Sehemu ya shimo na upana wa geti vinastahili dakika kumi za mazungumzo.

Kuhusu jua na upepo nitasema machache, ingawa ndipo wasanifu wetu wanapofundishwa vizuri na sisi wateja ndio tunaowakatisha tamaa. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri liko juu ya vichwa vyetu karibu mwaka mzima, na kuta zinazoumia ni za mashariki asubuhi na, zaidi, za magharibi alasiri. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki takriban Desemba hadi Machi, na kusi hutoka kusini-mashariki kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Msanifu akipendekeza nyumba igeuzwe ili pande zake ndefu zitazame kaskazini na kusini, tunamjibu kwamba lazima itazame barabara. Akitaka paa lenye ukingo mpana unaovika ukuta kivuli, tunamwonyesha picha ya nyumba ambayo paa lake limefichwa nyuma ya ukuta, mtindo ambao sasa umeenea kila kitongoji, nao unaacha kuta na madirisha bila mwavuli na kuyalazimisha maji ya mvua yapite katika mfereji uliojificha, ambao majani machache tu yanatosha kuuziba. Akichora madirisha ya kufunguka yote, tunaagiza ya aluminiamu ya kuteleza, na dirisha la vioo viwili vya kuteleza hufunguka nusu tu, kwa hiyo nusu ya upepo tuliolipia haiingii. Halafu tunanunua viyoyozi. Sisemi mtu asijenge anachokipenda. Nasema kwamba akishaambiwa gharama yake ya kila mwezi ya umeme, achague akijua. Tena picha hiyo hiyo ya Dar es Salaam hupelekwa Njombe, ambako mwezi wa Juni na Julai watu hulilia jua liingie ndani, na huko nako inachorwa bila mabadiliko.

Sasa nije kwenye fedha, eneo nililolifanyia kazi na ambalo naona tunajidanganya kuliko yote. Mteja wetu huficha uwezo wake. Ukimuuliza ana shilingi ngapi za kujengea, atasema, "Wewe chora tu, hela itapatikana." Sababu ya kuficha naielewa: malipo ya msanifu mara nyingi huhesabiwa kwa asilimia ya gharama za ujenzi, na mteja anahofu kwamba akitaja milioni 100 ataletewa nyumba ya milioni 100 hata kama angetosheka na ya 70. Hofu hiyo si ya kipuuzi. Dawa yake, hata hivyo, ni kukubaliana malipo ya kiasi maalumu kwa maandishi kabla ya kalamu kugusa karatasi, kisha kusema ukweli wote. Msanifu asiyejua fedha ilipo huchora kufuata picha, na ukubwa wa nyumba huamuliwa na ndoto. Ramani inapofika kwa mkadiriaji na jumla ikatoka, mteja hushtuka, lakini kwa kuwa amekwisha kuipenda, na tayari ameilipia, huanza kujenga hivyo hivyo akitumaini Mungu atafungua njia. Maboma yaliyoota nyasi kandokando ya barabara zetu mpya hayana sababu moja, ila nimepiga hesabu za kutosha kujua kwamba hii ni mojawapo.

Watu wengi hudhani kupunguza gharama ni kupunguza vyumba au kununua bati jepesi. Umbo la nyumba lina nguvu kubwa vilevile, na ndilo jambo ambalo mteja aliyesema ukweli kuhusu fedha zake angeweza kusaidiwa nalo bila kupoteza chochote. Nyumba ya mita 10 kwa 14 ina eneo la mita za mraba 140, na ukuta wake wa nje unazunguka mita 48. Nyumba ya mita 7 kwa 20 ina eneo lile lile, lakini ukuta wake unazunguka mita 54. Mita sita za ziada, kwa kimo cha mita 3, ni mita za mraba 18 za ukuta. Tofali za kawaida za inchi 18 kwa 9 huingia tisa hadi kumi katika mita moja ya mraba, kwa hiyo hapo pana tofali zipatazo 170, pamoja na msingi wake, mkanda wake wa zege unaofunga kuta, plasta ya pande mbili na rangi, na hatujaongeza hata sentimita moja ya sakafu. Ongeza sasa zile kona zinazoingia na kutoka ili uso wa nyumba upendeze, na paa linalozifuata likiwa na mabonde mengi, yaani mahali pande mbili za paa zinapokutana kwa ndani, ambapo kila bati hukatwa kwa pembe na kipande kutupwa. Ukimwambia msanifu, "Nina kiasi hiki na sina kingine," anaweza kuinyoosha nyumba na kukurudishia chumba kizima. Usipomwambia, atadhani kona ndizo ulizozipenda.

Tena wengi wetu hatujengi kwa mkupuo. Mwaka huu msingi, mwaka ujao boma, kupaua kunasubiri kiinua mgongo au mavuno ya korosho, na familia inahamia kabla ya dari na vigae huku ikimalizia polepole. Huo ndio utaratibu wetu wa kweli na hauna aibu, lakini wateja huuficha kwa msanifu kana kwamba ni umaskini. Akiujua, anaweza kupanga nyumba inayokubali kukatwa: vyumba viwili, choo na jiko chini ya paa linalosimama peke yake, na sehemu iliyobaki iunganishwe baadaye bila kuvunja kitu. Mwenye nia ya kupandisha ghorofa miaka ijayo naye aseme sasa hivi, kwa kuwa msingi na nguzo hukokotolewa na mhandisi kwa uzito utakaobebwa. Kuziachia nondo zichomoze juu ya paa hakuifanyi nyumba ya chini kuwa tayari kwa ghorofa.

Baada ya maneno huja mchoro, na hapa ndipo mteja anapotikisa kichwa kukubali kitu asichokisoma. Si kosa lake, kwani hakuna mahali alipofundishwa. Lakini msanifu asikubali saini ya mtu ambaye hajaisoma ramani pamoja naye, na mteja asione haya kuomba asomewe mstari kwa mstari. Katika ramani ya skeli ya 1:100, sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya nyumba, na vipimo huandikwa kwa milimita. Chumba kilichoandikwa 3000 kwa 3000 kinaonekana cha heshima kwenye karatasi. Weka ndani yake kitanda cha futi 5 kwa 6: godoro lina sentimita 183, na ukijumlisha mbao za kichwani na miguuni unakaribia mita 2. Upande wa pili weka kabati lenye kina cha sentimita 60. Plasta nayo imekula sentimita mbili tatu. Njia iliyobaki kati ya kitanda na kabati haifiki nusu mita, na mlango wa kabati wenye upana wa nusu mita hautafunguka wote. Msanifu aliyeambiwa "chumba cha watoto" hakukosea. Hakuambiwa kwamba humo kitakaa kitanda kile cha mninga alichoachiwa mteja na wazazi wake. Kwa hiyo mteja apime vyombo vyake kwa futi kamba, aandike, ampe msanifu orodha, na adai kuviona vimechorwa ndani ya ramani kwa skeli ile ile. Kisha, kabla ya kusaini, waende kiwanjani na vigingi na kamba, wachore vyumba ardhini kwa chokaa, na wenye nyumba watembee ndani yake wakijifanya wanafungua milango. Nionavyo, asubuhi moja ya namna hiyo inazidi vikao vingi vya ofisini, ingawa nawaonya kwamba chumba kisicho na kuta huonekana kidogo kuliko kitakavyokuwa, na wengi hapo hutaka kuongeza bila sababu.

Ule upinde mdogo unaochorwa penye mlango huonyesha mlango unafungukia upande gani. Mteja anayejua hilo ataweza kugundua mwenyewe, akiwa na ramani ya umeme mkononi, kama swichi ya taa imewekwa nyuma ya mlango, mahali ambapo kila usiku mtu ataingia gizani, afunge mlango, ndipo awashe taa. Nyumba ngapi tunazifahamu zenye kasoro hiyo?

Linalofuata ni kuandika. Mazungumzo yetu mengi sasa yanapita kwenye simu, hasa pale mwenye nyumba anapokuwa Muscat, London au Minnesota na ndugu yake ndiye anayesimamia hapa nyumbani. Mwenye nyumba anatuma ujumbe wa sauti kwa ndugu, ndugu anamwambia fundi, fundi anahamisha dirisha, na msanifu anakuja kugundua wakati mkanda wa juu umekwisha kumwagwa. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli na hakuna aliye nao wote. Familia ichague mtu mmoja ambaye neno lake ndilo la mwisho, na kila kikao, hata cha simu, kifuatwe na muhtasari wa mistari michache: tumekubaliana nini, nani atafanya nini, kabla ya tarehe gani, na kama kuna nyongeza ya gharama. Muhtasari huo usomwe na pande zote na ujibiwe "nimekubali". Si lazima uwe na lugha ya kisheria. Nimekaa katika mabishano ambapo ukurasa mmoja wa namna hiyo ungemaliza shauri kabla chai haijapoa, na kwa kukosekana kwake ndugu wa tumbo moja waliacha kusalimiana.

Mteja pia amuulize msanifu mapema kabisa: hadi lini naweza kubadili mawazo? Katika mchoro wa awali, kubadilisha ni kazi ya kufuta na kuchora upya. Mhandisi akishakokotoa nguzo na mihimili, kuhamisha ukuta kunamrudisha kazini na anastahili malipo. Halmashauri ikishatoa kibali cha ujenzi, mabadiliko makubwa yanarudi mezani kwake. Zege likishakauka, mabadiliko yana jina lingine. Idadi ya marekebisho yaliyo ndani ya malipo ya awali, na idadi ya mara ambazo msanifu atafika kiwanjani wakati wa ujenzi, viandikwe katika mkataba, maana wateja wengi hudhani malipo ya ramani ni malipo ya usimamizi.

Nisije nikaonekana nawalaumu wateja peke yao. Wapo wasanifu, na zaidi ya hao wachora ramani wasiosajiliwa, ambao hutoa faili la zamani kwenye kompyuta, wakabadili jina la mteja na kuuza. Ramani ya namna hiyo utaitambua kwa kukosa mshale wa kaskazini au kuwa na mshale usiolingana na kiwanja chako. Wapo ambao hawajakanyaga kiwanja walichokichorea. Wapo wanaomjaza mteja maneno ya Kiingereza ya darasani hadi akaona aibu kuuliza, ilhali mambo yote ya nyumba yanasemeka kwa Kiswahili bila taabu. Na wapo, nao ndio hatari kwa namna ya upole, wasioweza kusema hapana. Mteja anataka bwawa la kuogelea kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 chenye shimo la majitaka, nao wanachora. Msanifu anayekubali kila kitu hajafanya kazi aliyolipwa. Mwananchi ana haki ya kuuliza namba ya usajili na kuithibitisha kwa Bodi ya Usajili wa Wasanifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, chombo kinachofanya kazi chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 2010, na msanifu wa kweli hachukii kuulizwa.

Kwa hiyo ombi langu, kupitia gazeti lako, ni kwa Bodi hiyo pamoja na Chuo Kikuu Ardhi, ambako wasanifu wengi wa nchi hii wamesomea. Watuandalie dodoso la kurasa mbili kwa Kiswahili ambalo mteja atalijaza nyumbani, akiwa na familia yake, kabla ya kukutana na msanifu: nani watakaa humo sasa na miaka kumi ijayo, wanapika na kufua vipi, wanapokea wageni wa namna gani, wana vyombo gani vikubwa na vipimo vyake, maji ya mvua hupita wapi kiwanjani, kiasi gani cha fedha kipo mkononi na kiasi gani kinategemewa, na nyumba itajengwa kwa awamu ngapi. Waliambatanishe na mfano wa mkataba mfupi. Halmashauri zetu ziliweke kwenye meza za vibali vya ujenzi bila malipo, na nawe Mhariri, wakikuletea, ulichape kwenye ukurasa wa ujenzi kwa herufi ambazo hata sisi wazee tutaweza kuzisoma.

Wako,
Mkadiriaji Majenzi Mstaafu,
Tegeta, Dar es Salaam